Skuli kongwe ya shamba: nimpeleke wapi mwanangu?

Assalaam alaykum jamaa,

Mwanangu wa pili kapewa kazi na mwalimu wake huku Uingereza: aandike habari za skuli kongwe ya shamba huko walikotoka wazee wake. Mimi nimesoma Mjini na sikuwahi kujishughulisha na mambo hayo. Agosti tunakuja Unguja in shaa Allah. Nimpeleke wapi, asije akarudi na picha za Forodhani tu?

Mama wa watatu

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Mpeleke Mbweni. Najua watu watakwambia skuli yetu ya mwanzo ni chuo cha Kurani, mkeka na juzuu kwa mwalimu, na ni kweli. Lakini mkeka haukubaki. Ukitaka kuta za kugusa kwa mkono, ni Mbweni.

Wamisheni wa Kiingereza walilinunua shamba lile mwaka 1871, enzi za Askofu Tozer, wakawaweka watu waliokombolewa na manowari kutoka majahazi ya watumwa. Skuli yenyewe, St Mary's, ilikuwa ya wasichana. Sasa mwambie mtoto aliangalie hili: wale wa mwanzo hakuna aliyezaliwa Mbweni. Myao, Mmakua, Mnyasa, na wengine walitekwa wadogo hata kijiji chao hawakijui. Cha kuwakutanisha kilikuwa Kiswahili, ndicho walichosomeshewa.

Mwalimu wa Kiingereza, Caroline Thackeray, alifika 1877, akaiongoza skuli mpaka 1902, na hakurudi kwao. Alibaki hapo hapo Mbweni mpaka kufa. Waliokuwa wepesi wa kusoma walifanywa walimu, wengi wakaolewa na vijana wa Kiungani, skuli ya wavulana ya misheni hiyo hiyo, wakaenda kufundisha bara. Wazito wa daftari walipewa kushona, kufua na kupika. Mgawanyo huo mimi siupendi, lakini nd'o ulivyokuwa.

Leo ni magofu. Mawe na chokaa, madirisha ya tao, paa hakuna. Ukisimama ndani unaliona wingu. Kanisa lao, la 1882, liko karibu na bado linasaliwa. Pandeni daladala 505 ya Uwanja wa Ndege, mshuke njia ya Mbweni, mengine kwa miguu. Nendeni asubuhi, maana jua la pale halina huruma, na ombeni ruhusa kabla ya kuingia.

Ami yenu, niliyerudi nyumbani

*

Ami, shikamoo. Mimi naongeza moja tu: asije akaandika kwamba skuli za mashamba zote ni za wamisheni. Mama yake ampitishe na Dole, shamba pia, serikali ilifungua skuli yake huko miaka ya thelathini. Na tarehe 23 Septemba 1964, ilipotangazwa elimu bure Zanzibar, asiisahau. Bibi yangu alikuwa akisema "watu wa Mbweni" kama anawataja wageni, na yeye mwenyewe babu yake katoka Ngazija!

*

Ahsanteni sana. Nimemsomea mtoto, akauliza: wale wa Mbweni walirudi kwao? Nikakosa jibu.

*

Marahaba wanangu. Wengine walijaribu. Mwaka 1876 Askofu Steere alichukua kundi la waliokombolewa, wakashukia Lindi, wakatembea kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakasema basi, hapa panatosha. Nyasa hawakufika. Mwanao achukue ramani apime kutoka Lindi mpaka Masasi, halafu amwonyeshe mwalimu wake.