Kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta: je, barua ya kufunga uchunguzi inatosha?

Mwenye_Ramani ameuliza:

Habari za kazi, wakuu. Ninakusudia kununua kiwanja ambacho zamani kilikuwa kituo cha mafuta, nijenge nyumba za kupangisha. Muuzaji amenikabidhi barua ya mamlaka ya mazingira inayosema kwamba uchunguzi umefungwa, pamoja na ripoti inayoonyesha kuwa matangi yalifukuliwa na visima vitatu vya uchunguzi vikapimwa mara nne bila benzini, kemikali yenye sumu iliyomo katika petroli, kuvuka kiwango kilichowekwa. Wakili wangu anaona barua hiyo inatosha. Mimi bado nasita, kwa sababu siku tuliyokagua eneo nilinusa petroli kwenye chemba ya maji taka iliyo karibu na uzio. Je, nasita bure?

Mpima_Maji amejibu:

Ndugu, husiti bure. Barua ya namna hiyo haisemi kwamba ardhi ni safi. Inasema kwamba kilichobaki ardhini kinavumilika kwa matumizi yaliyotajwa. Kwa hiyo tafuta kwanza matumizi hayo, ambayo mara nyingi hufichika katika masharti ya kurasa za mwisho, na ambayo yanaweza kukataza kuchimba kisima, kuvunja sakafu ya zege au kujenga makazi. Kiwango kinachofaa kwa ghala linaloshinda milango wazi si lazima kifae kwa chumba anamolala mtoto, kwani mivuke ya petroli hupenya nyufa za msingi na kujikusanya ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza benzini isizidi miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Linganisha na kiwango kilichotumika katika ripoti yako.

Halafu tazama tarehe za sampuli na kina cha maji siku ya kupima. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikivuja hushuka hadi usawa wa maji ya chini ya ardhi na kuelea juu yake. Maji yakipungua, petroli hushuka nayo na kuupaka udongo njiani. Yakipanda, sehemu yake hunaswa chini ya maji na isionekane kisimani. Niliwahi kuteremsha kwa kamba bomba la plastiki angavu katika kisima kilichosomeka safi wakati wa mvua. Kiangazi kilipokolea, bomba lilipanda na tabaka la kahawia lenye unene wa kidole, limekaa juu ya maji bila kuchanganyika nayo. Kisima kilikuwa kile kile.

Fundi_Matangi amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu, ila tusimtie hofu kupita kiasi. Bakteria wa udongoni hula benzini, hasa panapokuwa na oksijeni, na mara nyingi uchafuzi huacha kusambaa chanzo kikishaondolewa. Swali ni kama chanzo kiliondolewa chote. Katika matangi niliyofukua, mara nyingi nilikuta tangi ni zima na uvujaji uko kwenye viungio vya mabomba na chini ya pampu, mahali ambapo mkandarasi mwenye haraka hachukui sampuli kabisa. Uliza pia kama walipima MTBE, kemikali ambayo huchanganywa katika baadhi ya petroli. Huyeyuka majini kwa urahisi na kuitangulia benzini, hata visima vilivyo karibu na matangi vikawa safi ilhali yenyewe imekwisha kuvuka uzio. Kuhusu harufu, inaweza kuwa imetoka kwa jirani, lakini mivuke hufuata mitaro ya mabomba, kwa hiyo usiipuuze.

Mwenye_Ramani amejibu:

Ahsanteni sana. Nimerudi kwenye barua: sharti la tatu linaruhusu matumizi ya kibiashara pekee, na sakafu isivunjwe bila idhini ya mamlaka. Vipimo vyote vinne vilifanyika ndani ya msimu mmoja wa mvua. Jambo lililonishangaza zaidi limo katika ramani, ambapo mshale wa mkondo wa maji unaelekea uzioni, na visima vyote vitatu viko upande wa pili, wa barabara. Wakili naye ameiona. Tumemwandikia muuzaji kwamba hatutalipa hata malipo ya awali kabla hajachimba kisima cha nne karibu na ile chemba na kupima mivuke ya udongo kwa gharama yake.