Mrejesho: mashine ya boti iliyokuwa ikinguruma bila kusukuma

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini mashine mpya ya nguvu za farasi 15 niliyofunga kwenye boti yangu hapa Wete inanguruma tu, boti haiendi. Aliyesema nipime lile bamba la juu ya propela, Allah akulipe kheri! Lilikuwa inchi 4 juu ya tumbo la boti, propela inavuta hewa. Mashine ya zamani ilikuwa ya mguu mrefu (ile sehemu inayoshuka majini na propela), hii ya mguu mfupi.

Seremala kaukata inchi 5 ubao wa shetri, yaani ubao wa nyuma ya boti unaofungwa mashine, ili mashine ishuke. Sasa inasukuma vizuri. Ila shetri imekuwa chini, wimbi la nyuma linaingiza maji. Hilo bado sijalimaliza. Na kwa ile mashine kutosukuma, kubadilisha plagi zake hakukusaidia kitu. Ahsanteni sana.