Tupeane uzoefu: Siku video ya tenzi ilipokuumbua kanisani

Mbonyezaji
Wakuu, jana laptopu imegoma katikati ya ibada nikakumbuka mbali. Kuna siku video ilikuwa na beti tatu, kitabu kina tano. Wazee wamevuta pumzi kuanza wa nne, ukutani kumeshatokea "Amina" na maua. Nilitamani kujificha nyuma ya kinanda. Wenzangu yaliwakutaje?

fundi_spika
Hiyo cha mtoto. Nimepakua nyimbo usiku kucha, flashi mpya ya GB 64, runinga ya kanisa inasema hakuna faili. Kumbe flashi ilikuja na mpangilio wa faili wa exFAT, ile runinga inajua FAT32 tu. Fomatini FAT32, ila faili moja isifike GB 4. Na video iwe ya mfumo wa H.264. Ukiweka H.265 runinga nyingi za zamani zinatoa sauti, picha hakuna.

Besi wa Kwanza
Picha hakuna tunaijua. Kwaya nzima macho kwenye kioo cheusi kama tunasubiri matokeo ya form four.

Mzee wa Zamu
Mnajitakia. Kitabu hakiishi chaji.

fundi_spika
Mzee shikamoo. Umeme ukikatika ibada ya jioni hicho kitabu unakisoma kwa mwanga gani kama si tochi ya simu?

Mzee wa Zamu
Marahaba. Nakijua kwa kichwa.

Nyakato
Kwenye misa za pamoja msitaje namba jamani. Nyimbo za Kristo cha Wasabato na Tenzi za Rohoni namba haziendani. Msibani kwetu mbonyezaji wa video kaambiwa namba tu, watu wanaomboleza yeye kaweka wimbo wa mavuno.

Besi wa Kwanza
Wasabato bwana, hamna misa, mna ibada 😂

Nyakato
Nani kakwambia mimi Msabato? Soma vizuri.

Mama Sare
Ngoja nifunguke, miaka imepita. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Laptopu ikagoma, nikachomeka simu yangu kwenye projekta. Kanisa limejaa, tuna wageni wa mtaa wa jirani, tunaimba wimbo wa toba, taratibu. Ubeti wa pili ikashuka meseji ya katibu: "Fundi wa sare anasema hajapokea hata mia. Ile laki nne na nusu iko wapi?" Kwenye simu ni kamstari. Ukutani ilikuwa pana kuliko mlango wa kanisa. Watu wakaendelea kuimba, ila alto wote kimya. Nikakimbilia kuifuta, mkono unatetemeka, nikaifungua! Mazungumzo yote yakamwagika ukutani, na jibu la juu kabisa nimeandika mimi: "Mwambie nimesafiri." Kuna mtoto wa Sunday school ndiyo kwanza anajua kusoma. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: mwa-mbi-e ni-me-sa-fi-ri. Mchungaji alifumba macho, hakuyafumbua mpaka wimbo ukaisha.

Besi wa Kwanza
Niko kwenye daladala nacheka peke yangu, konda ananiangalia.

fundi_spika
Ndiyo maana huwa nasema: pakua wimbo mapema, washa hali ya ndegeni, ndipo uchomeke waya.

Mzee wa Zamu
Au usile hela ya kwaya.

Mama Sare
Sikuila mzee wangu, niliizungusha kwenye vitenge. Nilirudisha.

Nyakato
Yote?

Mama Sare
Ilibaki elfu sabini.

Mbonyezaji
Jamani turudi kwenye mada. Spika ya blututhi maneno yanatangulia, sauti inafuata nyuma, nifanyeje?

fundi_spika
Tumia waya. Ila ukitoka tundu la HDMI la laptopu kwenda VGA ya projekta sauti haipiti, itoe pembeni kwa waya wa spika.

Besi wa Kwanza
Au waimbaji wachelewe kidogo. Kwetu tunachelewa hata bila blututhi.

Alto Kimya
Mama Sare, hiyo kwaya ni ya wapi? Maana sisi sare zetu zilikuja hazina kola, tukaambiwa ndiyo fasheni.