Mabadiliko ya jeni yanayoshindwa na joto hufichua nini?

Swali: Ndugu zangu, ikiwa protini ya kirusi iliyobadilika hufanya kazi kwenye nyuzi 30 lakini hushindwa kwenye nyuzi 40, hilo latuambia nini kuhusu umbo lake?

Jibu: Katika laisozaimu (kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria) ya faji T4, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, mabadiliko ya namna hiyo yalionekana hasa kwenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) zilizozama ndani ya protini na zisizotikisika sana, ilhali yale ya juu juu, penye kugusana na maji, aghalabu huvumilika.

Jibu: Nakubali, ila tusiharakishe: protini ya mkia iliyobadilika hivyo ya faji P22, ikishajikunja (mnyororo wake ukishachukua umbo lake) kwenye ubaridi, hubaki imara hata ikipashwa joto, maana kinachovurugika ni hatua za kujikunja, si umbo lililokamilika.

Muulizaji: Ahsanteni, basi nitaikunja kwanza, ndipo niipashe joto.