Video inaganda skrini za nje, LED ya ndani nayo inadundadunda – wakuu msaada kabla ya jumamosi

operata_kijana:
Wakuu habari za saa hizi. Jumamosi tuna harusi na ukumbi ni uleule unaotusumbua kila tukienda. Iko hivi, mezani kuna kompyuta moja ya vMix (programu ya kuchanganya picha za kamera), kamera zote zinaingia kwa SDI (waya wa video), halafu picha inatoka kwa NDI (video inayopita kwenye waya wa mtandao) kwenda kwenye laptopu tano, moja inalisha LED kubwa nyuma ya maharusi, mbili TV za pembeni, mbili za mwisho ziko nje kwenye turubai wanakokaa waliokosa nafasi ndani. Sasa kule kwenye turubai picha inaganda, inakaa kidogo, inaruka mbele, sauti haina neno maana tunaipeleka kwa waya wake kutoka kwenye mikisa ya sauti. Ndani haigandi kabisa ila ile LED kamera ikizunguka taratibu kutoka kwa bibi harusi kwenda meza ya wazazi picha inadundadunda, haitelezi. Wenye ukumbi wanasema intaneti ndogo, tuongeze kifurushi. Tumehamisha laptopu za ndani tukazipeleka nje, tatizo likabaki kulekule nje. Wale wa kwenye turubai wamechanga kama wa ndani, inaniuma sana keki inakatwa wao wanatazama picha iliyoganda.

waya_kwanza:
Mkuu usiongeze kifurushi chochote. NDI inatembea ndani ya swichi zenu za mtandao tu, ukichomoa waya wa intaneti sasa hivi picha inatakiwa iendelee kama kawaida. Na hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu pamoja. Picha inayoganda na kuruka bila mpangilio, hapo tafuta mtandao. Inayodunda kwa mpigo uleule kila kamera ikizunguka, hapo fremu (zile picha mojamoja zinazounda video) hazilingani, hata ukiweka swichi ya bei gani haiponi. Tuambie swichi ngapi, turubai limeungwaje, kamera umeziseti fremu ngapi kwa sekunde na LED inapokea ngapi.

operata_kijana:
Shukrani mkuu. Swichi mbili, zote gigabiti, zile za kawaida zisizo na menyu ya mipangilio. Moja mezani na moja kwenye turubai, katikati waya mmoja wa ukumbi kama mita 70 umepita juu ya dari. Laptopu za nje zote zinasoma 1.0 Gbps (gigabiti moja, yaani megabiti 1000 kwa sekunde). Kamera ni 1080p50 (fremu 50 kwa sekunde) na vMix 50, laptopu ya LED Windows inaonyesha 60Hz (mara 60 kwa sekunde).

waya_kwanza:
Ahsante, umejieleza vizuri. Tuanze na LED maana ndiyo rahisi. Kamera inaleta fremu 50, skrini inataka 60, kwa hiyo kila sekunde kuna fremu 10 zinarudiwa ili hesabu itimie, mtu akiwa amekaa hujui, kamera ikizunguka jicho linaona kila dundo. Shusha laptopu ya LED iwe 50Hz. Kama 50 haipo kwenye orodha ya Windows, ingia kwenye prosesa ya LED (kile kiboksi kinachoiendesha) ubadilishe EDID (taarifa ambayo skrini inaipa laptopu kuhusu picha inazopokea) iwe 1920x1080 kwa 50, chomoa HDMI uchomeke tena, itatokea. Kuna watu watakushauri upandishe kamera ziwe 60, usikubali, umeme wetu ni 50Hz na taa nyingi za ukumbini zitaanza kupepesa kwenye picha.

Sasa turubai. Hiyo 1.0 Gbps inayosoma laptopu ni kati ya laptopu na swichi iliyo pembeni yake tu, haikwambii chochote kuhusu ule waya mrefu! Chomoa ule waya kwenye swichi ya nje, uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu, ndio usome. Ikiandika 100 Mbps mchawi ndio huyo. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane, 100 inahitaji nne tu, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika darini au kichwa kikabanwa vibaya, swichi zinashuka zenyewe kimyakimya, mtu anaperuzi vizuri na pingi inajibu, kila mtu anaapa waya ni mzima. NDI kamili ya 1080p50 moja tu ni zaidi ya megabiti 100, na wewe unapitisha mbili.

dada_mitambo:
Naunga mkono, na niongeze kuhusu waya wenyewe. Siku hizi madukani kumejaa waya wa alumini iliyopakwa shaba, boksi limeandikwa Cat6 (daraja la waya wa mtandao) vizuri kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani achana nao, ukiukunja mara chache kwenye kona unakatika ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Ukishabadilisha pima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) laptopu hadi laptopu kupitia swichi zote mbili, gigabiti nzima inakupa kama megabiti 940. Usipime kwa kufungua YouTube.

mpwani_av:
Salama ndugu zangu, mie niko Mombasa. Kwa nini asiwashe multikasti? Picha itoke mara moja tu, laptopu zote tano zichote hapohapo, badala ya kompyuta kutoa nakala tano.

dada_mitambo:
Kaka wazo ni zuri ila si kwa swichi hizo. Multikasti inataka swichi yenye IGMP snupingi (inayojua poti zipi zimeomba picha), tena na kweria moja inayofanya kazi (kifaa kinachouliza mara kwa mara nani bado anaitaka), bila hivyo swichi inamwaga ile picha kwenye kila poti, mpaka kwenye rauta ya waifai. Nakala tano ni kama megabiti 600 hivi, poti ya gigabiti inabeba. Akiwa na skrini kumi na tano tutaongea mengine. Ila kwa turubai, kama skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, ya nini laptopu mbili? Peleka laptopu moja, toka nayo kwa HDMI kwenye splita (kigawanyo cha HDMI), gawa. Umepunguza mzigo wa waya nusu na kitu kimoja cha kuharibika.

operata_kijana:
Wakuu nimerudi, leo tumepewa ukumbi mchana. Laptopu kwenye waya mrefu: 100 Mbps. Tumekata vichwa vyote viwili tukabana upya, bado 100, kwa hiyo tumetandaza waya wetu wa shaba kupitia ukutani, iperf3 ikasoma 938, na turubai halijaganda toka mchana mpaka tunafunga. LED nimeweka 50Hz, inateleza kama maji. Imebaki moja, kule nje sasa midomo inachelewa sauti, MC anasikika kabla hajafungua mdomo.

waya_kwanza:
Safi sana mkuu. Hiyo ni kawaida, sauti ya waya inafika papo hapo, picha inapita kamera, vMix, NDI, laptopu, halafu TV nayo inaichezea, na fremu moja tu ni milisekunde 20. Kwanza weka TV za nje kwenye modi ya gemu, zinapunguza kuchelewa. Halafu kwenye mikisa chelewesha mkondo wa spika za turubai PEKE YAKE, usiguse wa ndani. Mtu apige makofi mbele ya kamera, wewe simama kwenye turubai na simu umwelekeze wa mikisa, anza na milisekunde 100 mpandishe au mshushe mpaka kofi na mlio vikutane. Fanya spika za ndani zikiwa zimewashwa, kama zinasikika mpaka nje, maana sauti hewani inatumia kama milisekunde 100 kwa kila mita 34, na zikigongana na za nje wageni hawatamwelewa MC.

dada_mitambo:
Na huo waya mpya ufungeni juu kwa tepu kabla wapambaji hawajaingia, wao wakishaanza kuburuta viti na majukwaa ya maua hawaangalii chini.