Je, keneli ya Linux inaweza kuacha kusafisha kurasa ambazo programu itaziandika upya?

Muulizaji, Kisumu

Hamjambo wataalamu. Ninajifunza msimbo wa keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) unaosimamia kumbukumbu, nikitumia kompyuta ya zamani hapa Kisumu. Nimeandika programu inayoiomba keneli megabaiti 512 za kumbukumbu kwa mmap, inazijaza sufuri kwa memset, kisha inasoma faili kubwa na kuiweka humo. Nilipopima kwa perf, zana inayoonyesha muda unatumika wapi, jina lililokaa juu kabisa lilikuwa clear_page_erms, yaani keneli inajaza sufuri katika kila ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu cha baiti 4096, kabla ya kunikabidhi. Kwa kuwa nitaandika juu ya kila baiti, naona kazi hiyo ni ya bure. Je, ni salama kuiondoa kwenye keneli?

Jibu, Nakuru

Ndugu, tafadhali usiiondoe. Ukurasa unaopewa huenda muda mfupi uliopita ulikuwa wa programu nyingine, na ndani yake mmebaki nywila au barua ya mtu. Wewe unajua kwamba utaandika juu yake, lakini keneli haina njia ya kuithibitisha ahadi yako, na programu yenye nia mbaya ingeomba kumbukumbu ili isome masalia tu.

Pale ambapo keneli yenyewe ndiyo mwandishi, usafishaji huo tayari haupo. Baada ya fork, yaani mchakato kujinakili ukawa miwili, mchakato mmoja unapoandika kwenye ukurasa unaoshirikiwa, keneli hutenga ukurasa mpya bila kuusafisha, kwa sababu itanakili humo baiti zote 4096 kabla mchakato haujauona.

Kazi ya bure ni memset yako. Kurasa 131,072 ulizoomba zilikuja zikiwa zimejaa sufuri, nawe ukazijaza sufuri tena. Hata calloc ya glibc (maktaba ya lugha ya C), ambayo kazi yake ni kutoa kumbukumbu iliyojaa sufuri, huruka hatua hiyo inapopata kumbukumbu mpya moja kwa moja kutoka kwa mmap.

Jibu, Kakamega

Nakubaliana na mwenzangu wa Nakuru. Ukitaka kuona kazi iliyoondolewa kwa haki, soma kuhusu folio, aina ya data inayowakilisha ukurasa mmoja au kundi la kurasa zilizounganishwa, iliyoletwa na Matthew Wilcox na kuingia katika toleo la 5.16, Januari 2022. Kurasa 512 zinaweza kuunganishwa ziwe moja kubwa ya megabaiti 2, na kila ukurasa wa nyuma, yaani usio wa kwanza, hubeba kielekezi cha ule wa kwanza. Zamani, karibu kila hatua, iwe kufunga, kuhesabu au kuachilia ukurasa, iliita compound_head upya ili kuuliza wa kwanza ni upi. Ni kama lori la mahindi lililofika soko la Kibuye, halafu kila mpagazi anasoma lebo ya gunia ili ajue limetoka lori lipi, ilhali aliyemtangulia amekwisha kulisoma. Folio haiwi kamwe ukurasa wa nyuma. Swali huulizwa mara moja mlangoni, na walio ndani hulitegemea jibu hilo. Napenda sana marekebisho haya, kwa sababu ahadi imeandikwa katika aina ya data yenyewe, hivyo kikusanyaji (kompaila) kinaisimamia badala ya kumtegemea mwandishi aikumbuke.

Muulizaji, Kisumu

Nawashukuru sana. Nimeondoa memset na kupima tena: imetoweka kwenye orodha, na clear_page_erms imebaki mahali pake, nami sasa naelewa ni kwa nini. Jioni hii naanza kusoma wp_page_copy, msimbo wa keneli unaonakili ukurasa unaoshirikiwa, katika mm/memory.c ili nione kwa macho yangu ukurasa unaotengwa bila kusafishwa.