Vitumbua vya nyumbani shuleni: tupige marufuku au tuweke utaratibu?

Mleta mada
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kamati ya shule anayosoma binti yangu hapa Tanga imetangaza kuwa Siku ya Wazazi mwaka huu hakuna kuuza kitu kilichopikwa nyumbani. Ni biskuti na keki za dukani tu, zenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Chanzo ni sambusa za nyama za mwaka jana: zilifunikwa kwenye ndoo tangu alfajiri hadi mchana, watoto wakaharisha.

Napinga. Mwaka jana huohuo niliamka saa kumi usiku, mchele kilo 2 nimeshauloweka na kuusaga, nikatia tui zito na iliki, nikainjika chuma. Gharama 14,000. Vikatoka vitumbua 120 vya shilingi 200, vikaisha kabla ya saa nne: faida 10,000 ya madawati. Katoni ya biskuti ya 10,000 iliuzwa 12,000. Na mama asiye na hela mkononi, ila ana minazi miwili uani na anajua kupika, achangie nini?

Mzazi wa darasa la nne
Dada, nakuelewa, ila mwanangu akionja karanga anavimba midomo. Pakiti ya dukani naisoma. Kashata ya nyumbani nitaisoma wapi? Halafu kuna sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Huioni kwa macho, na kuikaanga hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Karanga nazo zinaipata, zikianikwa vibaya au zikihifadhiwa zikiwa na unyevu.

Babu wa wajukuu watatu
Wanangu, nembo inasaidia, siibezi. Lakini biskuti yenye krimu kila siku nayo si chakula cha mtoto.

Mleta mada
Shikamoo babu. Dada, kwa mtoto wako sina ubishi: kashata za karanga zitoke kabisa. Nyama pia, maana hatuna pa kuiweka ikabaki na moto. Vitumbua viuzwe asubuhi tu, tui linachacha upesi. Visheti na kashata za nazi havina shida hiyo, ila kila chombo kiwe na mfuniko, koleo, na karatasi yenye jina la mpishi na vyote alivyotia. Aliyeleta zile sambusa hatujamjua mpaka leo, ndiyo maana tunaadhibiwa wote.

Kikao ni Jumamosi saa tatu. Nitaipeleka hoja hii kwa maandishi. Mwenye la kuongeza aniambie kabla ya Ijumaa usiku.